Kuunganisha waya au kuandika mistari: angalia kwanza kazi uliyonayo

Chukua kitu kidogo tu, umbali kati ya mchezaji na adui kwenye gemu. Ukiandika ni mstari mmoja, d = sqrt((x2-x1)^2 + (y2-y1)^2), umemaliza unaendelea na mambo mengine. Sasa hesabu hiyo hiyo ijenge kwa nodi, yaani maboksi unayoyaunganisha kwa waya badala ya kuandika, bila kutumia ile nodi ya umbali iliyotengenezwa tayari: unaleta namba 4, unaweka nodi 2 za kutoa, 2 za kuzidisha, 1 ya kujumlisha na 1 ya kipeuo cha pili, yaani maboksi 10 na waya 11, na ukiyaacha wiki mbili ukarudi itabidi ufuate waya kwa kidole ndo ukumbuke ulikuwa unatafuta nini.

Haya, njoo upande wa pili. Unataka chuma chenye kutu kwenye Blender, ile programu ya kutengeneza picha za 3D. Unachukua nodi ya teksicha ya mabaka, unaipitisha kwenye nodi ya kupanga rangi, unaichomeka kwenye nodi ya kuchanganya ili iamue wapi pawe chuma na wapi pawe kutu, halafu unavuta slaida na kutu linaenea mbele ya macho yako, ukizidisha unarudisha. Jaribu kufanya hivyo kwa kuandika sheda (maandishi yanayoiambia kompyuta uso wa kitu uonekane vipi) kwa mkono: badilisha 0.35 iwe 0.4, sevu, kompaili (igeuze iwe lugha ya mashine), tazama, hapana, rudi tena, 0.38, tazama. Utachoka kabla kutu halijafika hata nusu ya chuma.

Kwa hiyo ule ubishi wa "kuprogramu kwa picha ni kwa watoto" dhidi ya "kuandika kodi ni mambo ya kizamani" mimi nauona kama ubishi wa mashabiki wa mpira, kila mtu ana jezi yake. Nimefanya kazi na vyote viwili, nilianzia kwenye maboksi, na sasa nina vigezo vyangu ambavyo nitavieleza hapa japo vingine utaona nimevipitia juu juu maana havina uzito kiivyo. (Na nikisema kodi humu namaanisha ya kompyuta, sio ya nyumba wala ya serikali, lugha imetupa neno moja kwa balaa zote hizo.)

Maboksi yenyewe sio aina moja

Watu wengi wanapotea hapa. Mtu katumia Scratch utotoni halafu anahukumu LabVIEW, hivyo ni vitu tofauti kabisa.

Kuna bloku za kupachikana kama vipande vya fumbo. Scratch ya MIT Media Lab iliyotoka 2007 ndo inajulikana zaidi, kuna App Inventor iliyoanzia Google 2010 ikahamia MIT, kuna MakeCode wanayotumia watu wa micro:bit, kile kibao kidogo cha kompyuta cha kujifunzia. Hapa programu inasomwa juu kwenda chini kama kodi ya kawaida, tofauti ni kwamba huandiki, unaburuta, na bloku isiyofaa mahali haikai.

Kuna waya za data. LabVIEW ya National Instruments ipo tangu 1986, ilianzia kwenye Macintosh, mainjinia wanaitumia kupima na kuendesha vifaa vya maabara. Upande wa sauti na muziki kuna Max iliyozaliwa IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki pale Paris, na ndugu yake Pure Data, wote wawili wa Miller Puckette. Grasshopper ni ya wasanifu majengo, na zile nodi za Blender ziko kundi hili hili. Kinachotembea kwenye waya ni data yenyewe, na kwenye LabVIEW boksi halifanyi kazi mpaka vyote linavyosubiri vimefika.

Halafu kuna Blueprints za Unreal, injini ya kutengenezea magemu, zilikuja na Unreal Engine 4 mwaka 2014. Hizi zina waya nyeupe inayosema "fanya hiki kisha hiki" na waya za rangi za kubeba data. Kiukweli hii ni kodi ya kawaida iliyovalishwa maboksi, ina if, ina lupu, ina variabo, na ndo maana hasara zake nyingi ni zile zile za kodi pamoja na za kwake mwenyewe juu.

Na kuna kundi ambalo watu wa software wanalisahau kabisa, michoro ya ngazi ya zile kompyuta ndogo za viwandani, PLC. Hizo zilianza mwishoni mwa miaka ya 60 kuchukua nafasi ya makabati yaliyojaa rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme), na mchoro ukafanywa ufanane na michoro ya umeme ambayo mafundi walikuwa tayari wanaisoma kila siku. Hakuna aliyewaambia mafundi wajifunze lugha mpya. Ikadumu, mpaka leo ipo. Na kiwango cha IEC 61131-3 kinachotawala mambo hayo kina lugha za michoro na lugha za maandishi humo humo, fundi anachora ngazi kwa ajili ya mota na swichi, hesabu ngumu anaiandika. Watu ambao mashine ikisimama dakika tano ni hasara hawakuchagua upande, walibeba vyote.

Siku ya kwanza

Hapa maboksi yanashinda na sitaki ubishi. Ukurasa mtupu wa kodi unatisha. Mtu mgeni anasahau nukta mbili mwisho wa mstari wa Python, au mabano moja hayajafungwa, anapewa ujumbe wa kosa unaomtaja mstari mwingine kabisa, anafunga laptop. Kwenye Scratch kosa la namna hiyo haliwezi kutokea, hakuna cha kukosea tahajia. Tena menyu ya bloku inakuonyesha vitu vilivyopo, kumbe unaweza kucheza sauti, kumbe unaweza kugundua vitu viwili vimegusana. Kwenye maandishi lazima ujue kwanza kwamba kitu kipo ndo ukitafute, ingawa siku hizi editor zinakumalizia maneno, pengo limepungua.

Ila siku ya kwanza ni siku moja tu. Scratch ukitengeneza gemu la risasi nyingi utagonga ukuta wa kloni (nakala za kitu) 300, hapo ndo mwisho, na hawajakosea, kile ni chombo cha kujifunzia. Ninachoona kinawapoteza watu ni kuchagua chombo cha kazi ya miaka miwili kwa sababu ya raha ya wiki ya kwanza.

Kusoma, ambako watu wanadanganyika

Ukimuuliza mtu yeyote atakwambia picha inaeleweka haraka kuliko maandishi. Inasikika kweli. Watafiti Thomas Green na Marian Petre walilipima hili mwanzoni mwa miaka ya 90, wakitumia LabVIEW na watu walioizoea, na wakakuta programu za michoro zilisomwa polepole zaidi kuliko za maandishi. Ukikaa ukafikiria sio ajabu. Maandishi yana mwelekeo mmoja, unajua jicho lianzie wapi. Mchoro jicho linatangatanga, unafuata waya inapita nyuma ya boksi inatokea upande wa pili unakuta ni waya nyingine.

Halafu kuna mambo ya kupanga. Mchoro uliopangwa na mtu mzoefu unasomeka vizuri sana, makundi yanaonekana, mtiririko unatoka kushoto kwenda kulia, hata rangi zinasema kitu. Mchoro wa mgeni ni tambi. Na tofauti kati ya hivyo viwili ni kazi ya mikono, dakika ishirini za kusogeza maboksi ambazo programu haijasonga hata hatua moja. Kodi ya maandishi nayo inakuwa tambi, tena mbaya, lakini muonekano wake unasafishwa na mashine kwa sekunde, Python una Black, JavaScript una Prettier, unabonyeza sevu imejipanga. Nodi nazo zina vitufe vya kujipanga kwenye baadhi ya vifaa, ila mara nyingi matokeo yake ndo hayo, unabonyeza halafu unabonyeza ctrl-z.

Ila nisiwe mnyimi, kuna vitu viwili mchoro unaonyesha ambavyo maandishi yanavificha. Cha kwanza ni hali na mabadiliko ya hali. Mhusika wa gemu amesimama, anatembea, anakimbia, anaruka, anaanguka. Ukivichora kama maduara na mishale unaona papo hapo kwamba hakuna mshale wa kutoka kuanguka kwenda kukimbia, ukiviandika kama if juu ya if utaligundua hilo siku mhusika amekwama hewani. Cha pili ni vitu vinavyoenda sambamba. Kwenye LabVIEW ukichora lupu mbili zisizounganishwa na waya zinaenda kwa wakati mmoja, basi, hujaandika neno lolote kuhusu thredi, zile njia za kuendesha kazi kadhaa kwa pamoja. Mtu aliyewahi kuhangaika na thredi kwenye C++ atanielewa.

Mkiwa wawili au zaidi

Hapa ningependa ukae kidogo maana ndo sehemu iliyoniamulia mimi.

Git, programu ya kutunza matoleo ya kodi ambayo Linus Torvalds aliianzisha 2005, inalinganisha mafaili mstari kwa mstari. Wewe umebadilisha mstari wa 40, mwenzio mstari wa 90, inaunganisha bila kuwauliza. Dunia nzima ya kufanya kazi kwa pamoja, kukaguana, kurudi nyuma, kujua nani aliweka bagi hii na lini, imejengwa juu ya wazo kwamba programu ni mistari ya maandishi.

Sasa faili la Blueprint ni .uasset, halisomeki kama maandishi, Git inajua tu kwamba limebadilika. Unreal ina kifaa chake ndani cha kulinganisha matoleo na kinasaidia kuona tofauti, lakini timu nyingi zinaishia kufunga faili, mtu mmoja kwa wakati, wengine subirini. Node-RED, ambayo ilianzia IBM 2013 na watu wengi wanaitumia kuunganisha vihisi na vifaa vya nyumbani, yenyewe inasevu kwenye JSON, ambayo ni maandishi, kwa hiyo Git inasoma, ila humo ndani kila nodi ina x na y zake. Ukisogeza boksi kidogo ili lipendeze, Git inakwambia programu imebadilika. Mwenzio anayekagua anatafuta ulichobadilisha na hakuna kitu.

Mimi na jamaa mmoja tulikuwa na gemu dogo la nodi tupu. Siku moja mimi nikawa nachezea mantiki ya milango, yeye yuko faili lile lile anaweka funguo, hakuna aliyemwambia mwenzake. Jioni tunakuja kuunganisha, haiunganishiki, lazima tuchague faili la nani libaki. Tukachagua lake kwa sababu lilikuwa na kazi nyingi zaidi, nami nikajenga upya milango siku nzima kwa kumbukumbu na skrinishoti moja niliyokuwa nimemtumia kujisifia. Toka hapo tukawa tunatumiana meseji "naingia milango usiguse", "nimetoka milango". Kosa lilikuwa letu, sawa, lakini kwa kodi ya maandishi kosa lile lile lingetugharimu dakika tano.

Ukiwa peke yako yote haya hayakuhusu sana, ruka.

Kubadilisha na kutafuta

Programu inakua kwa kubadilishwa. Kwenye maandishi unataka kuchomeka hatua katikati, unabonyeza enter unaandika. Kwenye nodi unavuta maboksi yote ya kulia ili nafasi ipatikane, unakata waya, unaweka, unaunga. Kubadilisha jina la funksheni mradi mzima, editor za maandishi zinafanya kwa kitufe kimoja. Vifaa vya nodi vinatofautiana, vingine vizuri vingine utalia. Kutafuta "wapi tunapunguza uhai wa mchezaji" kwenye maandishi ni sekunde moja na unaona mistari yote kwa pamoja. Kwenye nodi ukitafuta unaletewa orodha ya maboksi, unafungua moja moja.

Na mikono jamani. Siku nzima ya maus ni siku nzima ya kifundo cha mkono. Pia mtu asiyeona anaweza kuandika kodi akiwa na kisoma skrini, wapo wanaoifanya kazi hiyo kila siku, lakini turubai la nodi na waya linamfungia mlango karibu kabisa. Hilo halitajwi mara nyingi kwenye hizi linganisho.

Kuomba msaada

Ukikwama na maandishi unakopi unapesti, mtu anaiendesha kwake, anakurudishia imerekebishwa. Ukikwama na nodi unapiga picha, waya muhimu imekatwa pembeni, unaulizwa "ile inatoka wapi?", unapiga nyingine. Blueprints kidogo zinaokoa kwa kuwa ukikopi nodi zinageuka maandishi na mwingine anaweza kuzipesti kwake, Node-RED pia unaweza kutoa JSON ukamtumia mtu. Akili mnemba za sasa nazo zimelelewa kwenye maandishi, ukiomba funksheni ya Python inakuja nzima, ukiomba mchoro wa nodi mara nyingi unapewa maelezo ya "bonyeza kulia, tafuta hiki, vuta kile" na unaujenga mwenyewe kama mtu anayeelekezwa njia kwa simu.

Kasi

Fupi. Blueprints ziko polepole kuliko C++, utaziona kwenye lupu kubwa inayoendeshwa kila fremu, hutaziona kwenye kufungua mlango. Kuwa ya picha peke yake hakufanyi kitu kiwe polepole: LabVIEW inakompailiwa, Simulink, ya kuchora na kuigiza mifumo kwa maboksi, inaweza kukutolea kodi ya C ya kuweka kwenye kifaa. Usichague kwa sababu ya kasi mpaka umepima.

Ikifungwa je?

Godot, injini nyingine ya magemu, iliweka VisualScript yake, ya kuprogramu kwa nodi, kwenye toleo la 3.0 mwaka 2018. Toleo la 4.0 lilipotoka 2023 haikuwemo tena, watumiaji wake walikuwa wachache mno na watu wengi wa Godot walikuwa wameridhika na GDScript, lugha yake ya maandishi. Aliyekuwa na mradi humo akabaki na uchaguzi wa kukaa toleo la zamani au kuandika upya. Maandishi nayo hayana kinga, muulize aliyekuwa anaandika ActionScript ya Flash mpaka Adobe wakaizima mwisho wa 2020. Tofauti ni kwamba faili la ActionScript bado unalifungua kwenye notepad, unasoma mantiki yako, unaihamishia lugha nyingine. Mchoro wa nodi bila programu iliyouchora mara nyingi hata kuutazama huwezi.

Sasa uchague nini

Kabla sijasema, angalia kitu kimoja. LabVIEW, baba wa waya, ina nodi maalum ya kuandikia fomula. Blueprints zina nodi ya hesabu ambayo unaandika tu maneno ya hesabu inajijenga yenyewe. Node-RED ina nodi ya function na ndani yake ni JavaScript. Simulink ina boksi la kuandikia lugha ya MATLAB. Waliotengeneza vifaa vya picha, wanaoviamini kuliko mimi na wewe, wote wameacha dirisha la kuandikia. Na upande wa pili hao hao wanaoandika kodi, waambie wakueleze mfumo wao, dakika ya kwanza wamechukua kalamu wanachora maboksi na mishale ubaoni. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kwenye kazi yako mchoro ni jambo lenyewe au ni nguo tu iliyovalishwa jambo.

Sauti, picha, rangi, materiali, umbo la jengo, ishara kutoka kwenye kihisi: kitu kinaingia kushoto kinatoka kulia kimebadilika, na unahitaji kusikia au kuona kila unapogusa. Nenda nodi, usione aibu, hata kama unajua lugha kumi za kuandika.

Hesabu, sheria zenye masharti mengi, kuchezea maneno na orodha, seva, hifadhidata, chochote chenye "isipokuwa kama": andika. Lupu ndani ya lupu kwenye nodi ni mateso ya kujitakia.

Gemu, changanya. Mfumo wa ndani, uhai, vitu anavyobeba mchezaji, kusevu, viandike. Vile vya tukio moja la ramani moja, mlango huu ukifunguliwa taa ile iwake, waachie wanaopanga ramani waunge kwa nodi wenyewe bila kukuita kila saa. Hiyo ni faida ambayo programa wanaidharau, mtu wa sanaa kujifanyia mwenyewe bila kusubiri foleni yako.

Kujifunza, kama ni mtoto mpe bloku bila maswali. Kama ni mtu mzima anayetaka kazi ya kuprogramu, wiki mbili tatu za bloku zinatosha kuelewa lupu na masharti, kisha ahamie, na MakeCode inamrahisishia maana unaweza kubonyeza ukaona bloku zako zikiwa zimeandikwa kwa JavaScript au Python, unalinganisha mwenyewe. Kuna wanaokaa kwenye bloku mwaka mzima kwa sababu kuhama kunawarudisha kwenye hisia ya kutojua kitu, naielewa, nilikuwa huko.

Na kama tayari uko kwenye nodi na hujui kama muda wa kuhama umefika, fungua mchoro wako mkubwa kuliko yote uhesabu vidirisha vya kuandikia ulivyoweka humo. Mimi nilipohesabu kwenye mradi wangu wa mwisho nilikuta kwenye mchoro wa maadui karibu kila boksi la maana lilikuwa na mistari ya kodi ndani, waya zimebaki kazi ya kupitisha tu. Nikauhamishia wote kwenye faili moja la maandishi jioni moja. Ya materiali nimeiacha kwenye nodi kama ilivyo, na sina mpango wa kuigusa.